Jeraniamu za kudumu kwenye mteremko wa Ilboru: aina gani itashika, na kwa nini zangu hazikuchipua baada ya kukatwa?

MamaBustani_Ilboru aliandika:

Habari zenu ndugu zangu. Naomba ushauri wa wenye uzoefu na maua ya kudumu katika maeneo yetu ya mwinuko.

Ninaishi Ilboru, upande wa juu wa mji wa Arusha, kwenye kiwanja kinachoteremka kutoka nyumbani hadi ukingo wa kijito. Chini ya mparachichi mkubwa, kando ya ngazi za mawe, kuna eneo la kama mita 4 kwa 9 ambalo nyasi zimekataa kabisa kuota. Asubuhi kivuli ni kizito, adhuhuri jua hupenya kwa saa 3 hivi, kisha kivuli hurudi. Na kila masika maji ya mvua huzoa udongo wa juu na kuumwaga kwenye ngazi, nami hubaki nikiuzoa kwa koleo na kuurudisha ulikotoka.

Kati ya mwaka 2011 na 2013 nilikuwa masomoni Uingereza, na mama mwenye nyumba niliyopanga alikuwa na mahali kama hapo penye kivuli, alipopafunika pote kwa mmea aliouita jeraniamu. Majani yake yalichanika kama kiganja cha mkono kilichofunguliwa, na maua yalikuwa ya buluu inayoelekea zambarau, yenye weupe katikati. Majira ya baridi yalipofika mmea ulinyauka wote juu ya ardhi, lakini mwezi Aprili ulichipua upya kutoka kwenye mizizi ileile bila mtu kupanda kitu. Tangu wakati huo nimetamani kuwa nao.

Mwaka juzi nilinunua miche 12 kwenye kitalu kimoja cha kando ya barabara, nikaambiwa kwamba ni jeraniamu za kudumu. Zilikuwa na mashina manene yenye majimaji, majani ya mviringo yenye utepe wa kahawia, harufu kali ukiyafikicha, na maua mekundu yaliyokusanyika juu ya kikonyo kimoja. Barazani kwenye vyungu zilipendeza sana. Nilipozihamishia chini ya mparachichi zilirefuka na kulala, na ilipofika katikati ya masika mashina yalianza kuwa meusi kuanzia chini. Nikakumbuka alivyofanya yule mama, nikazikata zote hadi usawa wa ardhi na kungoja. Umechipua mmoja tu.

Je, nilikosea wapi? Na je, zipo jeraniamu zinazoweza kudumu hapa Arusha, mahali ambapo hakuna majira ya baridi ya kuzilaza, na kulishika lile eneo ili udongo usiendelee kushuka?

KitaluMoshono alijibu:

Dada, pole kwa hasara. Mimi nina kitalu kidogo Moshono, na ni lazima nikiri kwamba mkanganyiko huu tunauendeleza sisi wauzaji, kwa sababu jina la jeraniamu tunalitumia kwa mimea ya aina mbili isiyokuwa na tabia moja. Uliyouziwa ni pelagoniamu. Asili ya jamii hiyo kwa sehemu kubwa ni Afrika Kusini, na zile za vyunguni huhifadhi uhai wake katika mashina yaliyo juu ya ardhi, si katika shina lililo chini ya ardhi. Ukizikata hadi ardhini huwa umeondoa karibu kila kichipukizi, na ndiyo maana hazikurudi. Ule weusi ulioanzia chini ni ugonjwa wa kuoza shina unaoletwa na vimelea vya jamii ya Pythium, ambavyo hustawi udongo unapolowana kwa siku nyingi. Kwa hiyo huenda zingekufa hata kama usingezikata.

Kosa la jina lina umri mkubwa. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, mwaka 1753 aliiweka mimea yote hii katika jenasi moja, yaani kundi moja la ukoo, ya Geranium, na Mfaransa L'Héritier akaja kuitenga jenasi ya Pelargonium mwaka 1789, lakini wapenzi wa maua walikuwa wamekwisha kulizoea jina la kwanza.

Ukitaka kutofautisha usitegemee maneno ya muuzaji, litazame ua lenyewe. Ua la jeraniamu halisi lina petali 5 zinazolingana, hata ukiligeuza upande wowote linabaki na sura ileile, na ndani yake kuna stameni 10, yaani vile vijiti vinavyobeba chavua. Kwenye pelagoniamu petali 2 za juu hutofautiana na 3 za chini, na stameni zenye chavua hazizidi 7. Katika pelagoniamu zilizozalishwa kwa ajili ya vyungu tofauti ya petali imefifia sana, basi fanya hivi: chukua wembe, likate ua pamoja na kikonyo chake, halafu kata kikonyo hicho kwa kukingama, milimita chache tu chini ya ua. Ukiona kijitundu chembamba kando ya nyama ya kikonyo, huo ni mfereji wa nekta, yaani maji matamu ya ua, na mmea huo ni pelagoniamu. Jeraniamu halisi haina mfereji huo.

Ule mmoja uliochipua usiutupe. Ukishafikisha vichipukizi vya sentimita 8 hadi 10, vikate, viache kivulini kwa saa kadhaa hadi jeraha likauke, kisha uvichomeke kwenye mchanga ulio na unyevu kidogo. Virudishe barazani, ndipo mahali pake.

Mzee_wa_Tengeru alijibu:

Mwenye kitalu amesema kweli, nami nitaendelea pale alipoachia. Nimestaafu kazi ya kilimo, na huu ni mwaka wa 9 tangu nianze kupanda jeraniamu za kudumu nyuma ya nyumba yangu hapa Tengeru. Zipo zilizonikubali na zipo zilizonishinda, na sababu ya kushindwa kwake inaweza kukusaidia kuliko hata ile ya kufanikiwa.

Mimea hii mingi imetoka Ulaya na sehemu za baridi za Asia. Huko hulazwa na baridi kwa miezi kadhaa, na baadhi ya aina haziwezi kutoa ua mpaka mizizi ipitie majuma mengi ya baridi hiyo. Sisi tuko karibu na Ikweta: mchana wetu ni wa kama saa 12 mwaka mzima, na ile baridi ya Juni na Julai, ijapokuwa inatufanya tuvae masweta, kwa mmea wa kaskazini ni kama siku ya kawaida ya majira ya kuchipua ya huko kwao. Nilipanda Geranium pratense, ile ndefu ya mashambani Ulaya, nikaitunza kwa miaka 3. Ilinipa majani makubwa mazuri na haikunipa ua hata moja, kisha ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, ukayafunika majani yake kana kwamba yamenyunyiziwa sembe. Niliing'oa. Kwa hiyo mtu akikuletea mbegu za aina hiyo kwa kuwa picha yake inavutia, mshukuru, lakini usiipe nafasi yako nzuri.

Zilizonikubali ni 3, na mbili kati yake zinafaa kwako.

Ya kwanza ni Geranium macrorrhizum, na hiyo ndiyo ningeipanda chini ya mparachichi bila kusita. Asili yake ni milima ya kusini-mashariki mwa Ulaya, nao watu wa Bulgaria wanaiita zdravets, jina lililotokana na neno lao la afya. Mashina yake ni manene kama kidole cha mtoto, hutambaa juu ya udongo na kutia mizizi yanakopita, na majani yake yenye harufu ya dawa hubanana kiasi kwamba magugu hayapati mwanga. Huvumilia kivuli kikavu, yaani kivuli cha mti mkubwa unaonyonya maji yote, mahali ambapo mimea mingi hufa. Konokono, ambao wamenimalizia maua mengine, hii huipita tu. Ni kweli kwamba kwangu huchanua kidogo, kati ya Julai na Septemba, na upo mwaka ambao haikuchanua kabisa. Lakini wewe una udongo unaokimbia, na kazi hiyo hufanywa na majani na mashina.

Ya pili ni Geranium sanguineum. Ni fupi, ya sentimita 20 hadi 30, majani yake yamechanika membamba, na maua yake ni ya waridi iliyokolea. Hii huvumilia jua na joto kuliko nyingine zote nilizojaribu, kwa hiyo ipande kwenye ukingo wa ngazi ambako jua la adhuhuri linafika. Kwenye kivuli kizito itaishi, lakini hutaona maua.

Ya tatu ni ile inayoitwa 'Rozanne', na kwa jinsi ulivyoeleza buluu yenye weupe katikati, nadhani ndiyo uliyoiona kwa yule mama. Ilionekana mwaka 1989 katika bustani ya Donald na Rozanne Waterer, huko Somerset, Uingereza, ikiwa ni chotara iliyojizalisha yenyewe. Ikaanza kuuzwa mwaka 2000, na mwaka 2013, ukiwa bado uko huko, ilichaguliwa kuwa mmea wa miaka 100 wa maonyesho ya maua ya Chelsea, jijini London. Ni tasa, haitoi mbegu, na kwa kuwa haitumii nguvu kwenye mbegu huendelea kuchanua kwa miezi mingi. Kwa sababu hiyohiyo, mtu akikuuzia pakiti ya mbegu iliyoandikwa jina hilo, usinunue. Kwangu mimi ipo moja, niliyogawiwa na rafiki wa Usa River, nayo inataka jua la asubuhi, kivuli kuanzia saa 8 mchana, na maji yasiyokatika. Kwenye mteremko wako mkavu itateseka. Ipande karibu na bomba, mahali utakapoiona ukiwa umeketi.

Sasa namna ya kupanda. Usilime lile eneo lote. Mizizi inayomlisha mparachichi imo karibu sana na uso wa ardhi, na ukiikatakata kwa jembe utaufungulia mti ule mlango wa ugonjwa wa kuoza mizizi, ambao ni adui mkubwa wa maparachichi. Anza umbali wa mita moja na nusu kutoka kwenye shina, uchimbe kwa koleo dogo la mkono vishimo vya upana wa sahani kati ya mizizi, kila kishimo umbali wa sentimita 40 hadi 45 na mwenzake, ukivipanga kwa kupishana ili maji yanayoshuka yasipate njia iliyonyooka. Kila kishimo changanya koleo moja la mboji iliyoiva, na upande wa chini wa mteremko weka mawe matatu au manne kwa umbo la mwezi mwandamo. Ardhi yetu ya majivu ya Mlima Meru hupitisha maji vizuri, haihitaji mchanga. Juu yake tandaza majani makavu ya mparachichi wenyewe, unene wa vidole vinne, lakini usiyasogeze hadi kugusa shina la mti wala kitovu cha mche, yaani pale majani yanapochipukia.

Wengi watakushauri upande masika yanapoanza. Mimi sikubaliani nao kwa mteremko kama wako, maana miche michanga itabebwa pamoja na udongo, na itakayobaki itaoza. Panda mwishoni mwa Mei au mapema Juni: udongo bado una maji chini, jua ni dogo, na mche hupata miezi 3 ya ubaridi wa kushika mizizi kabla ya joto la Oktoba.

Kihamba_Marangu alijibu:

Naomba niongeze jambo ambalo watu wa huku mlimani tunalipita kila siku bila kulitazama. Jeraniamu si mgeni Tanzania. Katika misitu ya Kilimanjaro na Meru zipo za asili, miongoni mwake Geranium arabicum yenye maua madogo meupe au ya waridi hafifu yenye mishipa iliyokolea, na Geranium aculeolatum, ambayo hutambaa na kupanda juu ya vichaka kwa vijimiba vidogo vilivyopinda. Mtu anayepanda mlima kwa njia ya Marangu huweza kuziona pembeni mwa njia, kwenye unyevu wa msitu. Ukiziona usizing'oe, maana kutoa mmea wowote ndani ya hifadhi ni kosa kisheria. Lakini kuwapo kwake ni ushahidi kwamba ubaridi wa mwinuko na udongo wa volkano vinaikubali jamii hii.

Hapa nyumbani, kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, nina hiyo sanguineum aliyoitaja mzee, niliyoiotesha kwa mbegu. Nilianza vibaya. Niliipanda kati ya migomba, mahali ambapo samadi ya ng'ombe humwagwa kila mwezi, nikidhani ninaipendelea. Ilirefuka hadi magotini, ikajaa majani mororo, ikalala chini kwa uzito wake, na maua niliyoyahesabu mwaka mzima hayakufika 10. Niliihamishia kwenye ukingo wa mfereji, juu kidogo ya maji, penye udongo wa kawaida na mawe, wala sijaipa mbolea yoyote tangu wakati huo zaidi ya maganda ya kahawa ninayotandaza mara moja kwa mwaka. Sasa ni zulia la upana wa mita moja, na nyuki huwa juu yake tangu jua linapochomoza.

Kuhusu mbegu, gamba lake ni gumu. Nilizisugua kidogo kati ya vipande viwili vya msasa laini, nikaziloweka usiku mmoja, kisha nikazipanda kwenye viriba. Hazioti kwa pamoja: ya kwanza ilichomoza baada ya majuma 3 hivi, ya mwisho nikiwa nimekwisha kukata tamaa na kiriba nimekisogeza pembeni.

Kuvuna mbegu zake kunataka macho. Ua likishadondosha petali, katikati hubaki mdomo mrefu uliochongoka kama wa korongo, na ndege huyo ndiye aliyelipa ua hili jina lake kwa Kigiriki. Chini ya mdomo huo kuna vijumba 5, kila kimoja kina mbegu yake na utepe mwembamba unaopanda hadi ncha. Utepe ukikauka hujikunja kwa ghafla kuelekea juu na kuirusha mbegu mbali, kama kombeo. Niligundua hayo siku niliyoweka tawi lenye matunda kwenye glasi mezani. Mchana nikawa nasikia kitu kinagonga kioo cha kabati, na jioni nikaokota mbegu 4 sakafuni upande wa pili wa chumba. Siku hizi matunda yakianza kuwa kahawia huyafunga kwa kipande cha chandarua kikuukuu.

Msomaji_Rau aliuliza:

Nimefuatilia kwa makini sana. Mimi niko Rau, Moshi mjini, ambako mwinuko ni kama mita 800 tu na Januari hadi Machi joto huwa kali hata usiku. Je, nami nijaribu, au nitapoteza fedha?

Mzee_wa_Tengeru alijibu:

Ndugu wa Rau, nitakuwa mkweli kwako. Macrorrhizum na 'Rozanne' usizijaribu, kwa kuwa joto la usiku huzichosha, nazo huoza kitovuni. Sanguineum unaweza kuijaribu kwa mche mmoja au miwili, upande wa mashariki wa nyumba, jua lisiifikie baada ya adhuhuri, katika udongo uliochanganywa na changarawe. Ikifika Aprili ikiwa hai, ongeza. Lakini pelagoniamu za vyunguni, zile zilizomfia mama wa Ilboru, kwako Moshi zitapendeza mwaka mzima ukizikinga na mvua, na sioni sababu ya kuzidharau.

MamaBustani_Ilboru aliandika:

Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Leo asubuhi nimefanya jaribio la wembe kwenye ule mche uliobaki, na kijitundu nimekiona dhahiri, kidogo kuliko tundu la sindano, pembeni kabisa mwa kikonyo. Miaka miwili nimeungojea mmea ule ufanye jambo ambalo haukuumbiwa kulifanya.

Nimepima vilevile. Kuanzia mita moja na nusu kutoka kwenye shina la mparachichi hadi kwenye ngazi, kwa nafasi ya sentimita 45, nahitaji miche zaidi ya 100, na sijui nitaipata wapi. Je, niagize nje? Na je, jeraniamu hizi nizikate kila mwaka kama alivyokuwa akifanya mama yule, au hapa kwetu niziache zijiendeshe?

Mzee_wa_Tengeru alijibu:

Marahaba mwanangu. Kuagiza nje kunawezekana, ila usibebe mbegu wala mizizi kwenye begi kimyakimya. Kunahitajika kibali cha kuingiza mimea kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ambayo makao yake makuu yako hapahapa Arusha, na mzigo ufike ukiwa na cheti cha afya ya mimea cha nchi unakotoka. Nilipoagiza mbegu zangu nilifuata njia hiyo. Utaratibu huo una sababu nzito: kipande cha mzizi chenye udongo kinaweza kuleta minyoo na vimelea ambavyo wakulima wa mboga na maua wa mkoa huu hawataweza kuviondoa tena.

Lakini kwako hakuna haja. Macrorrhizum moja iliyokomaa inatoa miche 10 hadi 15. Kila shina linalotambaa lina kichwa cha majani mbele na mkia mtupu nyuma. Likate kwa kisu chenye makali kwa urefu wa kiganja, ondoa majani yote isipokuwa mawili madogo yaliyo katikati ya kichwa, kisha lizike lote hadi shingoni, kichwa tu kikibaki juu. Hata kama halina mzizi litautoa. Kosa la wengi ni kulipanda likiwa limesimama juu ya udongo kama mche wa kabichi, ambapo shina hukauka na kuvunjika. Ukianza na vichwa 30 mwezi Juni mwaka huu, mwaka wa pili utakata vyako mwenyewe, na mwaka wa tatu eneo litakuwa limefungika. Katika miaka hiyo ya mwanzo funika nafasi zilizo wazi kwa matandazo, ili masika yasikurudishe nyuma.

Sanguineum hugawanywa kwa namna nyingine. Kila baada ya miaka 3 au 4 iinue yote kwa jembe uma, ikung'ute udongo, nawe utaona mashina ya chini yaliyofungamana kama tangawizi nyembamba, yenye rangi ya kahawia nje. Kila kipande chenye vichipukizi viwili vyekundu na mizizi kadhaa ni mche kamili. Chunguza mizizi kabla ya kuirudisha: ukiona vinundu vinundu kama shanga, hiyo ni minyoo fundo, na kipande hicho kichome moto. Nilivikuta mara moja, kwenye tuta nililowahi kulipanda nyanya.

Kuhusu kukata, ndiyo, ukate, na hili ndilo jambo lililonichukua miaka mingi kulijua. Kwa kuwa hapa hakuna baridi ya kuilaza mimea, ni lazima wewe uilaze. Mvua za masika zikishapungua, mwishoni mwa Mei, sanguineum na 'Rozanne' huwa zimechoka, katikati ziko wazi na majani ya chini yana madoa ya kutu. Zikate zote zibaki na urefu wa vidole vitatu, zoa majani yaliyoanguka na uyachome, acha mbolea, na maji zipe kidogo mara moja kwa wiki. Kwa majuma mawili utaona ardhi tupu na mashina yaliyokauka, nawe utadhani umeua. Juma la tatu, ukipapasa katikati kwa kidole, utagusa vijani vilivyojikunja kama ngumi ya mtoto mchanga. Hapo rudisha maji kidogo kidogo. Kwangu maua ya kuanzia Agosti hadi Oktoba, baada ya kukata, ni mengi kuliko ya miezi mingine yote ya mwaka. Macrorrhizum usiikate hivyo. Itoe tu majani yaliyozeeka, kwa sababu hata mwezi Juni inatakiwa kuushika udongo wako.

Miche ya mwaka wa kwanza isikatwe kabisa.

Ninazo macrorrhizum zilizovuka mpaka wake na kuingia kwenye njia, na mwezi ujao nitazipunguza. Nitumie ujumbe wa faragha tupange siku. Uje mapema kabla ya jua kupanda, na uje na ndoo yenye magazeti yaliyoloweshwa, kwa sababu vichwa hivyo vikipigwa na jua njiani kutoka Tengeru hadi Ilboru hulegea, na vikishalegea huchelewa sana kushika.

MamaBustani_Ilboru aliandika:

Nitakuja, mzee, na nitakuletea maparachichi. Mawe ya mwezi mwandamo nimeanza kuyapanga leo jioni; nimeshamaliza safu mbili za juu.